Mdomo wa Ba

Ndugu yangu Vipul alikuja kutoka Amerika mwezi wa Desemba, na mke, na mtoto, na masanduku manne, na kabla masanduku hayajafunguliwa akatangaza kwamba hatakaa kwetu Surat kunywa chai kwa mashangazi. Alikuwa ameshakodi vyumba vitatu kwenye hoteli yenye bustani ya michezo, kule milimani karibu na Igatpuri.

"Treni za angani, maporomoko ya maji, theluji ya mashine," aliniambia. "Familia nzima, kaka. Na Ba pia."

"Ba ana miaka sabini na sita. Atafanya nini kwenye theluji ya mashine?"

"Atakaa kwenye benchi atazame wajukuu. Si ndicho anachofanya hapa?"

"Na chakula?"

"Wana meza ya Wajaini. Hakuna kitunguu, hakuna kiazi. Nimeuliza."

Mimi niliacha shule darasa la saba nikaketi kwenye gurudumu la kung'arisha almasi, ili Vipul asome. Alisoma sana. Mpaka leo yeye hupanga safari na mimi huendesha gari. Sina kinyongo. Nasema tu jinsi mambo yalivyo.

Ba ni mama yetu, na kama Wajaini wote washika dini, haui hata mdudu wala hali kinachochimbwa ardhini. Jua likizama hali kitu na hanywi hata maji. Alianza akiwa msichana mdogo na hajawahi kuvunja, si kwa uchungu wa uzazi, si kwa homa, si siku baba alipokufa. Kila jioni akimaliza kula hukunja mikono, hufumba macho, husema maneno ya nadhiri, na mdomo wake unafungwa mpaka jua la kesho lipande. Mimi hula saa nne usiku, na nikiwa Mumbai kwa kazi hula viazi. Ba anajua. Nikirudi hunisogezea bakuli la kunawia mikono kabla hajanisalimia.

Tatizo ni sukari. Ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi na huchomwa insulini asubuhi na jioni. Ya asubuhi namchoma mimi. Ya jioni hujichoma mwenyewe, nusu saa kabla ya kula, na siku za baridi jua likiwahi kuzama, naye huwahi kujichoma. Nyumbani haijawahi kuwa shida. Nyumbani jiko liko hatua chache kutoka kitandani kwake na hakuna anayemzuia.

Tulifika kabla ya mchana. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye vilima, na Wagujarati wenzetu walikuwa wamejaa getini na kofia za sufu zilizowafunika mpaka kidevu, kama watu wanaokwenda kupanda Himalaya. Vipul alikuwa na fulana ya mikono mifupi. Alisema hiyo siyo baridi.

Mlinzi alifungua mkoba wa Ba akatoa kopo la chuma la ghorofa tatu.

"Chakula cha nje hakiruhusiwi, mama."

"Siyo chakula," Ba alisema. "Ni thepla."

"Mama, thepla ni chapati, na chapati ni chakula. Mke wangu anapika."

"Basi unazijua. Mbona unazuia unachokijua?"

Mlinzi alicheka. "Ndani kuna meza ya Wajaini, mama. Watakulisha vizuri."

"Anayepika ni nani? Kabla ya kukata kabichi kisu chake kilikata nini?"

"Mimi niko getini tu, mama."

"Mimi nina sukari. Lazima nile kwa wakati wangu, siyo wakati wa foleni yenu." Alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Ama utanibeba wewe? Hutaniweza."

Kopo likapita. Mke wangu Nayana aliniambia pembeni kwamba mama yangu angeweza kupitisha hata ng'ombe.

Mchana ulikwenda vizuri. Ba alikaa kwenye benchi na shali yake, akatazama watu wanaolipa ili waogopeshwe, na kila walipopiga kelele juu ya reli alisema, "Haya, pandeni tena." Jinay, mtoto wa Vipul, alikuwa na miaka sita. Kigujarati chake kilikuwa cha maneno ishirini, lakini alikuwa amemganda bibi yake tangu alipotua. Walikuwa hawajaonana tangu akiwa na meno mawili. Ba hakusema, ila nilimwona anavyomtazama. Anahesabu mara zilizobaki. Watu wa umri wake wenye watoto ng'ambo wote huhesabu.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa mbele ya mlima. Siyo mlima wa kweli, ni mlima wa saruji uliopakwa rangi, na ndani yake treni ndogo hupita taratibu kwenye giza ili watoto waone simba na tembo wa plastiki wakiongea. Ba aligeukia ukuta, akainua blauzi kidogo, akajichoma tumboni, akarudisha sindano kwenye mkoba. Mimi nilianza kufungua kopo.

Jinay akaja akivuta shali. "Bibi, treni. Ya wanyama."

"Nenda na baba yako."

"Baba kapanda ile ya kupinduka. Mama anapiga picha."

"Nitaenda naye mimi, Bibi," alisema Khyati, binti yangu. Ana miaka kumi na sita. "Wewe kula."

"Siyo Khyati. Na Bibi," Jinay alisema, na midomo ikaanza kutetemeka.

Ba alitazama jua. Lilikuwa bado upana wa kiganja juu ya kilima. Akamuuliza mwanamke wa mlangoni, "Inachukua muda gani?"

"Dakika sita, mama. Ila mkoba uache. Hakuna kuingia na kitu mkononi."

Ba akanipa mkoba. Ndani yake mlikuwa na sindano, na kile kifuko cha sukari ya mawe anachotembea nacho kwa dharura. "Panga thepla vizuri," aliniambia. "Na achari. Nikitoka nakula." Akaingia, Jinay mkono mmoja, Khyati nyuma.

Nilipanga thepla. Nikafungua achari. Muziki wa wanyama ukakatika.

Mwanzoni huelewi kwa nini muziki umekatika. Unadhani ni sehemu ya mchezo. Kisha mwanamke wa mlangoni akaanza kubonyeza kitu na kutazama dari, na watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika, na mwanamume mwenye redio akaja mbio huku akitabasamu.

"Hakuna hatari," alisema kwa wote. "Umeme umekatika ndani tu. Treni imesimama. Wako salama."

Nilimwendea. "Mama yangu yuko ndani. Amechoma insulini. Lazima ale sasa."

"Atakula akitoka, bwana."

"Atatoka lini?"

"Vyuma vya viti vimejifunga. Mafundi wanafungua kwa mkono, behewa moja moja. Wameanzia mbele."

"Yeye yuko wapi?"

Akauliza kwenye redio. Akasikiliza. "Mama mwenye shali nyeupe? Yuko behewa la mwisho."

"Basi anzieni mwisho."

"Njia ni moja tu, bwana, na ni nyembamba. Hao wa mbele wanaiziba."

"Nipitishe nimpelekee chakula."

"Asiye fundi haingii."

"Basi fundi ampelekee."

"Nitawaambia." Akawaambia. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia. Sauti ya redio ikajibu kwamba ina mikono miwili tu na mmoja umeshika tochi.

Nimepigana na watu maishani. Nimepigana na wateja, na madalali, na mtu mmoja aliyeniuzia jiwe la uongo. Siku zote palikuwa na kola ya kukamata. Pale hapakuwa na kola. Mwanamume wa redio alikuwa mpole, mafundi walikuwa wakifanya kazi, na mlango ulikuwa wazi, giza tupu, na watoto wa watu wengine wakitoka mmoja mmoja wakicheka. Mimi nimesimama na kopo mkononi.

"Mpigie Vipul," Nayana alisema.

Nilimpigia. Hakupokea. Alikuwa amening'inia kichwa chini mahali fulani. Alipofika, na mke wake na kamera, aliomba meneja. Meneja akaja, mtu wa tai nzuri, akasema yaleyale ya mwanamume wa redio kwa maneno marefu zaidi.

"Nchi hii," Vipul aliniambia. "Kwetu wangekuwa wameshaita zimamoto."

"Hapa ndipo kwenu," nilimwambia. "Nyamaza."

Nikatazama jua. Sijawahi kulitazama hivyo maishani. Mtu hulitazama jua kujua kama amechelewa kazini. Mimi nililitazama kama mtu anavyotazama maji ya tangi yakipungua na bomba limekatika. Lilikuwa upana wa vidole viwili. Halafu kimoja. Liligusa kilima, likawa kubwa na jekundu, na watu kando yangu wakatoa simu wakalipiga picha.

Fundi mmoja alitoka kuchukua spana. Nilimshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyotaka. "Behewa la mwisho. Mama mwenye shali. Mpe hiki, aweke mdomoni. Usiseme kitu, mpe tu." Nikamtilia kifuko cha sukari ya mawe kwenye mfuko wa shati. Aliitikia kwa kichwa akaondoka. Jua lilikuwa limebaki kama ukucha.

Yaliyotokea ndani aliniambia Khyati baadaye. Ba alikuwa ametulia. Alikuwa amemfunika Jinay kwa shali na kumsimulia habari za simba wa plastiki, kwamba amechoka kuongea, ndiyo maana amenyamaza. Kila baada ya muda aliuliza saa. Simu zilikuwa zimeachwa nje, na Khyati peke yake ndiye alikuwa na saa ya mkono, kwa hiyo alimdanganya, ili chakula kikifika akubali kula. Alimwambia saa kumi na moja na nusu, na baadaye tena saa kumi na moja na nusu na kidogo.

Halafu fundi akafika, akatoa kifuko, akasema, "Mama, mwanao amesema uweke hii mdomoni."

"Saa ngapi, mwanangu?" Ba akamuuliza.

Khyati alirusha teke kumnyamazisha fundi. Kwenye giza alipiga kiti.

"Kumi na mbili imeshapita, mama. Jua limezama sasa hivi, nililiona likimalizikia nikiingia."

Ba akamrudishia kifuko. Akakunja mikono na kusema maneno ya nadhiri, na tumbo lake tupu, na insulini inafanya kazi yake ndani.

Alitoka akiwa wa mwisho kabisa, ameshikwa mkono na fundi. Upepo wa baridi ulikuwa umeanza, na uso wake ulikuwa umelowa jasho. Nilijua. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kama vya mlevi.

"Ba, kaa. Kula."

"Giza limeingia, Kirit."

"Najua limeingia. Kula."

"Nimeshafunga."

Vipul alichuchumaa mbele yake. "Ba, nisikilize. Hii siyo mchezo. Sukari inaanguka, ubongo unakosa chakula, unaweza kufa hapa kwenye benchi. Hata watawa wanaruhusu dawa."

"Watawa gani? Wa Amerika?"

"Ba."

"Dawa ya sindano naichoma kila siku. Leteni sindano. Nichomeni mkono, mguu, popote. Mkono haukuweka nadhiri."

Hapo nilipata tumaini. Dripu. Maji ya sukari kwenye mshipa. Nilimbeba mwenyewe mpaka chumba cha huduma ya kwanza. Hakuwa mzito. Nilikuwa nategemea awe mzito zaidi.

Chumba kilikuwa kando ya barabara kuu ya bustani, kitanda kimoja, kabati la kioo, na muuguzi kutoka Kerala aliyeitwa Sista Jincy. Alimtoboa Ba kidole, akatazama kipimo, akanitazama mimi. Akamimina unga wa glukosi kwenye kikombe cha maji.

Ba alifunga midomo.

"Mama, kidogo tu," Sista Jincy alisema. "Mungu hatakasirika."

"Sisi hatuna Mungu wa kukasirika, binti yangu. Ni mimi na matendo yangu tu. Weka dripu."

"Siruhusiwi kuweka dripu bila daktari."

"Daktari yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko hotelini, kuna mgeni ameteleza. Nimeshampigia. Anakuja na dawa za dripu kwenye kigari."

"Hoteli ni pale. Naiona."

"Ndiyo," alisema, na akatazama mlango. "Ila maandamano ya Krismasi yameanza."

Nilitoka nje. Barabara yote ilikuwa imejaa watu. Katikati yalikuwa yanapita magari ya taa, na wacheza ngoma waliovaa kama vipande vya barafu, na Baba Krismasi juu ya gari la kulungu wa plastiki akirusha peremende, na mashine mbili zikipuliza povu jeupe kama theluji. Watoto walikuwa mabegani kwa baba zao. Upande wa pili, mbali, niliona kigari cheupe chenye msalaba mwekundu na taa inayozunguka. Watu waliokuwa karibu nacho walikipigia makofi. Walidhani ni sehemu ya maandamano.

Nilisukuma. Nilisema, "Pisheni, mama yangu," na watu wakasema, "Subiri, kaka, na sisi tuna mama zetu, wote wanataka kuona." Nilifika katikati, mlinzi mwenye kamba akanirudisha. Hakunipiga. Aliniambia tu kwamba kuna magari yanapita na nitakanyagwa. Alikuwa na haki.

Niliporudi Ba aliniita. Sauti ilikuwa imelegea, kama ya mtu mwenye usingizi.

"Kirit. Njoo karibu."

"Niko hapa."

"Nikipoteza fahamu, huyu Vipul atanitia kitu mdomoni. Namjua, huyu ana haraka tangu tumboni. Wewe usiruhusu."

"Ba, kunywa sasa hivi yaishe. Nakuomba. Kesho utatubu, mimi mwenyewe nitakupeleka hekaluni."

"Ukijua kesho utatubu, hiyo siyo nadhiri, ni maigizo. Sema hutaruhusu."

Vipul alinitazama. Nayana alinitazama. Khyati alikuwa amemshika Jinay mlangoni, na Jinay alikuwa anatazama Baba Krismasi.

"Sitaruhusu," nilisema.

Mimi si mtu wa kusema nisichokusudia. Wakati nasema, nilikusudia.

Ba akafumba macho. Akaanza kuongea. Kwanza niliona ni sala, halafu nikasikia maneno. "Amrutlal," alisema. "Funga mlango, Amrutlal. Baridi inaingia."

Amrutlal ni baba yetu. Katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia Ba akitaja jina la mumewe. Wanawake wa rika lake hawalitaji. Humwita "babake Kirit", na hata kwenye ofisi ya serikali, alipoulizwa jina la mume, alinitazama mimi nilitaje. Sasa alikuwa analiita kama mtu anayeita mtoto arudi ndani, na macho yamegeuka, na mkono mmoja unaruka wenyewe juu ya shuka.

Sista Jincy alimlaza upande. Akatoboa kidole tena, na hakuniambia namba. "Kaka, sasa. Hatuwezi kungoja kigari."

"Mtie basi," Vipul alisema.

"Amenikataza akiwa na akili zake timamu. Mimi nimeajiriwa hapa. Nyinyi ni wanawe. Mmoja wenu aamue." Aliulowesha unga wa glukosi kwa matone ya maji ukawa kama uji mzito. "Siyo kumnywesha, atapaliwa. Ni kupaka kwenye ufizi, ndani ya shavu. Basi."

Vipul alichukua kikombe. Nilimwona anakichukua. Huyu aliyesoma, mwenye haraka tangu tumboni, aliinama juu ya mama yetu, na kidole chake kikasimama karibu na mdomo wake na hakikwenda mbele. Akarudi nyuma.

"Wewe ndiye mkubwa, kaka," alisema. Alikuwa analia.

Nilipokea kikombe. Nilifungua midomo ya Ba kwa kidole gumba, kama unavyofungua ya ndama. Ufizi wake ulikuwa baridi na meno ya nyuma hayapo. Nilipaka. Nikachovya tena, nikapaka. Nje walikuwa wanaimba. Sikuwaza chochote kikubwa. Niliwaza kwamba kidole changu hakijaoshwa, na kwamba ndicho kinachoshika viazi nikiwa Mumbai.

Daktari aliingia na povu jeupe kwenye nywele na mabegani. Aliweka dripu bila kuvua koti. Baada ya muda mkono wa Ba ukaacha kuruka. Jasho likakauka. Rangi ikarudi.

Nilimuuliza daktari, "Ningengoja, ungemkuta?"

"Sijui," alisema.

"Kadiria."

"Bwana, sijui. Huenda. Huenda asingekuwa yeye tena. Usiniulize."

Vipul alinivuta pembeni. "Tutamwambia ni dripu. Dripu tu. Wote tuseme hivyo. Sista, na wewe." Sista Jincy alianza kupanga vitu kwenye kabati. "Kaka, unasikia? Dripu tu. Usianze ukweli wako."

"Nimesikia."

Ba alifungua macho. Alitazama dari, akatazama mrija kwenye mkono wake, akaonekana kuridhika nao. Halafu ulimi wake ukazunguka mdomoni. Nilimwona. Ulipita kwenye shavu la kushoto ukasimama.

"Mdomo wangu mtamu," alisema.

"Ni dripu, Ba," Vipul alisema haraka. "Sukari ikiingia kwenye damu inapanda mpaka mdomoni. Ni kawaida. Daktari, si ndiyo?"

Daktari alisoma kitu kwenye chupa ya dripu.

"Inapanda mpaka mdomoni," Ba alirudia. "Upande mmoja tu?" Akageuza shingo akanitafuta. "Kirit. Kitu kimeingia mdomoni mwangu?"

Nayana alinibana mkono. Ningeweza kusema hapana. Ni neno dogo. Lakini ladha alikuwa nayo, na alikuwa ameniuliza mimi, siyo Vipul, kwa sababu miaka yote hii sijawahi kumdanganya hata kuhusu viazi.

"Ndiyo," nilisema. "Nilikutia mimi."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Ulikuwa umekusudia uliposema hutaruhusu?"

"Nilikusudia."

"Basi siyo uongo," alisema. "Ulishindwa." Akafumba macho. "Nimevunja. Nitafunga siku tatu. Maji tu."

Vipul alishika kichwa. Daktari alisema hapana, mara tatu, kwa lugha tatu. Alisema mgonjwa wa sukari wa umri huo, baada ya kilichotokea, hafungi hata mlo mmoja. Alisema apelekwe hospitali ya Nashik usiku huohuo. Ba alisema hospitali wana vitanda, na yeye ana kitanda hotelini, kimelipiwa.

"Hakuna anayeweza kumwondolea hiyo adhabu?" daktari akaniuliza. "Kiongozi wenu wa dini?"

Yupo. Kuna mtawa mmoja ambaye akimwambia Ba ameze jiwe atameza. Angeweza kumwambia, sema sala mia na moja, inatosha, na Ba angeinamisha kichwa.

"Mpigie," Vipul alisema. "Mpigie sasa hivi."

"Yuko njiani. Ametoka Navsari wiki iliyopita."

"Njiani wapi? Nipe namba yake."

"Namba ya nini? Hana hata viatu." Na ndivyo ilivyo. Watawa wetu hawapandi gari na hawashiki simu. Wanatembea kijiji hadi kijiji, na wanapolala hujulikana wanapofika. Nilipiga simu kwa watu wanne hekaluni kwetu. Mmoja alisema amepita Valsad. Mwingine alisema bado. Wa tatu aliniuliza Ba anaendeleaje na kama hoteli ni nzuri.

Asubuhi Vipul na mke wake walimpeleka Jinay kwenye theluji ya mashine, kwa sababu alikuwa analia na hakuna aliyejua amwambie nini. Khyati hakutaka kwenda. Nilimwambia aende. Nayana aliteremka kutafuta mtu wa kutupeleka Nashik ikibidi. Nikabaki na Ba chumbani.

Daktari alikuwa ameniachia kipimo. Alisema asiyekula asichomwe insulini ya kawaida, nimpime kila saa, na ikishuka au ikipanda sana nimpigie. Nilimuuliza ikishuka nifanye nini kabla hajafika. Alisema, "Unajua cha kufanya." Nikamwambia nilishakifanya.

Jua lilipokuwa limepanda vya kutosha Ba alikaa kitandani, akafunika kichwa, akasema sala zake. Nilichemsha maji kwenye birika la chumbani, maana akifunga hanywi ambayo hayajachemshwa. Nikayamimina kwenye sufuria pana yapoe, nikapuliza, nikamletea kwenye kikombe.

Aliyapokea. Nilichokuwa naogopa ni kwamba hatapokea kitu mkononi mwangu.

"Sikukasirikii," alisema. "Wewe ulifanya la mwana. Mimi nafanya langu."

"Ungenikasirikia ningejua la kufanya."

"Ungefanya nini?"

Alikunywa taratibu, akafuta mdomo kwa ncha ya sari, akaninyooshea mkono bila kuambiwa, kidole cha kati mbele. Nilimtoboa. Tone lilitoka dogo, ikabidi niminye. Tukangoja namba, yeye akitazama dirishani, mimi nikitazama kioo cha kipimo.

"Ngapi?" akauliza.

Nikamwambia. Haikuwa mbaya, haikuwa nzuri.

"Haya," alisema, akalala akageukia ukuta. Nikaweka maji mengine kwenye birika.